Jinsi ya kuchora modeli ya huluki na uhusiano kabla ya kuunda jedwali la kwanza

Wanaoanza kusanifu hifadhidata huuliza maswali yale yale: hiki nikifanye jedwali au kolamu? Ufunguo wa kigeni (kolamu inayoelekeza kwenye rekodi ya jedwali jingine) unakaa upande gani? Mbona jumla ya malipo inatoka kubwa kuliko ilivyo? Karibu yote hujibiwa na mchoro ambao wengi huuruka, au huuchora baada ya majedwali kuundwa na data kuingia, wakati kubadilisha kitu kimoja kunavuruga vingine kumi.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: gereji inayotaka kutunza kumbukumbu za wateja, magari, mafundi na vipuri. Mfano huu una sehemu nyingi zinazowakwamisha watu, kwa hiyo ukiuelewa utaweza kuchora shule, zahanati au ghala kwa njia ile ile.

Nadharia ya kukutosha ni hii. Modeli ya huluki na uhusiano ilielezwa na Peter Chen mwaka 1976, miaka sita baada ya Edgar Codd kueleza modeli ya majedwali. Huluki ni kitu unachotaka kukitunzia kumbukumbu na ambacho unaweza kukitofautisha na vingine vya aina yake. Sifa ni taarifa moja kukihusu. Uhusiano ni namna huluki mbili zinavyofungamana. Basi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Karatasi kubwa, penseli na kifutio. Programu ya kuchorea ni ya baadaye. Ukianza nayo utaona uchungu kufuta ulichokwisha kupamba.
- Hati halisi zilizojazwa: kadi za kazi, ankara, kurasa za daftari. Tano zinatosha, ila hakikisha mojawapo ina maandishi ya pembeni, mishale na vilivyokatwa. Kilichoandikwa pembeni ndicho fomu ilisahau kukiuliza, na mara nyingi ni huluki au uhusiano mzima.
- Mtu anayeifanya kazi hiyo kila siku, si bosi wake peke yake.
- Maswali kama kumi ambayo mfumo utatakiwa kuyajibu. Kwa gereji: gari hili limetengenezwa mara ngapi? Fundi gani alilishika? Kipuri gani kinaisha upesi?
- Hifadhidata yoyote ya majedwali: PostgreSQL, MySQL au SQLite.

Hatua ya 1: Andika sentensi za kazi

Mwombe mhusika aeleze kazi inavyokwenda, nawe uandike sentensi fupi zenye tendo moja moja:

Mteja analeta gari. Gari linafunguliwa kadi ya kazi. Kadi inapangiwa fundi, pengine wawili au watatu. Kwenye kadi vinaandikwa vipuri vilivyotumika. Fundi yuko chini ya idara. Gari linaweza kuuzwa kwa mtu mwingine.

Pigia mstari nomino. Hizo ni huluki au sifa zinazosubiri kuchujwa. Zungushia vitenzi, hivyo ni uhusiano. Usiandike sentensi ya "mfumo utahifadhi…". Hapa unaieleza gereji, si programu.

Hatua ya 2: Chuja nomino

Kila nomino ipitishe kwenye maswali matatu. Je, kuna zaidi ya kimoja? Kina taarifa zake chenyewe mbali na jina? Kuna haja ya kukitambua kimoja kimoja? Ikijibu ndiyo mara tatu, chora kisanduku.

"Rangi" inaanguka kwenye swali la pili: ni sifa ya gari. "Gereji" inaanguka kwenye la kwanza kama ni moja tu, ingawa ukisikia neno "tawi" rudi uulize upya. "Ripoti ya mwezi" si huluki, kwa kuwa inakokotolewa kutoka kwenye kumbukumbu nyingine.

Tahadhari kubwa ya hatua hii ni kuchanganya aina ya kitu na kitu chenyewe. Chukua chujio la oili. Yako ishirini rafuni, yanafanana, na hakuna anayejali ni lipi lililofungwa kwenye gari gani. Hapo huluki ni KIPURI kwa maana ya aina, na "idadi iliyopo" ni sifa yake. Sasa chukua betri yenye namba yake ya mfululizo na dhamana inayoanza siku ilipofungwa. Mteja akirudi nayo imekufa, lazima ujue ni ileile uliyomuuzia. Betri hiyo inadai huluki mbili: KIPURI kwa aina, na kipande kimoja kimoja chenye namba, tarehe na gari kilipofungwa. Ukivirundika pamoja utarudia jina na bei ya aina kwenye kila kipande. Ukiacha cha pili, swali la dhamana halitajibika kamwe. Maktaba ina jambo hili hili kati ya kitabu na nakala zake, na shule kati ya somo na darasa linalolifundisha muhula huu.

Hatua ya 3: Weka sifa, kisha chagua ufunguo

Andika sifa ndani ya kila kisanduku ukizingatia kwamba sifa moja inabeba thamani moja. Mteja mwenye namba tatu za simu hapewi kolamu simu1, simu2 na simu3. Anapewa jedwali dogo la simu. Umri haurekodiwi, hurekodiwa tarehe ya kuzaliwa. Jumla ya ankara nayo huhesabiwa kutoka kwenye mistari yake.

Ufunguo wa msingi, yaani kolamu moja au zaidi inayotambulisha kila rekodi, lazima uwe wa pekee, usiwe mtupu, na usibadilike. Sharti la tatu ndilo linalosahaulika. Namba ya usajili inavutia kuwa ufunguo wa GARI, lakini gari linaweza kusajiliwa upya. Namba ya chasisi ni imara zaidi, ila huandikwa kwa mkono kutoka kwenye bamba lenye kutu, na siku ya kusahihisha herufi moja utalazimika kuisahihisha kwenye kila jedwali linaloitumia. Ninachopendekeza ni namba ya ndani isiyo na maana yoyote, gari_id, kisha namba ya chasisi iwekewe sharti la UNIQUE, linalokataa thamani kujirudia. Vyote viwili. Ukiweka gari_id peke yake, gari moja litaingizwa mara mbili na hifadhidata haitasema neno.

Jambo dogo hapa: magari mengi yana namba ya chasisi ya herufi na tarakimu 17, lakini ya zamani, pamoja na yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani, huwa na fupi zaidi. Usilazimishe urefu uwe 17 kamili.

Hatua ya 4: Chora mistari na uuliza maswali manne

Kila mstari kati ya visanduku viwili unadai majibu manne. Kwa GARI na KADI:

1. Gari moja lina kadi chache kabisa ngapi? Sifuri, ikiwa gari husajiliwa kabla ya kufunguliwa kadi.
2. Nyingi kabisa ngapi? Nyingi.
3. Kadi moja ina magari machache kabisa mangapi? Moja.
4. Mengi kabisa mangapi? Moja.

Kwa alama za mguu wa kunguru, duara ni sifuri, kistari ni moja, na mguu wenyewe (vistari vitatu vilivyotawanyika) ni nyingi. Alama ya kiwango cha juu ndiyo inayogusa kisanduku. Ya kiwango cha chini inafuata kwa ndani ya mstari. Majibu ya swali la 1 na la 2 huwekwa upande wa KADI, si upande wa GARI. Hapa wengi hugeuza. Njia ya kujihakiki ni kusoma kwa sauti: "gari moja lina…", vidole vikifuata mstari hadi mwisho wa pili, kisha usome alama unazozikuta huko.

Swali la tano haliko kwenye alama, nalo ndilo linaloharibu mifumo mingi kuliko mengine: *leo, au kwa muda wote?* Uliza gari lina wamiliki wangapi, utajibiwa "mmoja, bila shaka". Uliza kwa muda wote, utajibiwa wanne. Ukichora jibu la leo, mteja_id inakaa ndani ya jedwali la gari. Siku gari litakapouzwa utaandika mmiliki mpya juu ya wa zamani, na ukitafuta wateja kupitia magari yao, matengenezo yote ya miaka iliyopita yataonekana kuwa ya mtu ambaye hakuwahi kuyalipia. Data haitarudi. Kwa hiyo kila unaposikia "mmoja tu" kwenye umiliki, cheo, bei, anwani au idara, simama uulize la tano.

Hatua ya 5: Vunja kila uhusiano wa nyingi-kwa-nyingi

Hifadhidata ya majedwali haina njia ya kuhifadhi nyingi-kwa-nyingi moja kwa moja. Unaweka jedwali la kiungo katikati, lenye funguo za pande zote mbili. Gereji inayo matatu.

KADI na FUNDI: kadi_fundi. Saa alizofanya fundi kwenye kadi hiyo zinakaa hapa. Si sifa ya fundi wala ya kadi; ni ya kukutana kwao.

GARI na MTEJA, ukishakubali historia: umiliki, wenye tarehe_kuanza na tarehe_kuisha. Ufunguo ni gari_id pamoja na tarehe_kuanza.

KADI na KIPURI: kadi_kipuri, yenye idadi na bei. Ndiyo, bei, ingawa KIPURI nacho kina bei. Hizi ni taarifa mbili tofauti. Moja ni bei ya sasa ya kuuzia, nyingine ni bei aliyotozwa mteja siku ile. Ukiisoma bei kutoka KIPURI peke yake, kila unapopandisha bei ankara zote za zamani zinabadilika.

Tahadhari juu ya ufunguo wa kadi_kipuri: vitabu vingi vitakuambia uunde ufunguo wa kadi_id na kipuri_id. Kwa gereji unaweza kukwama. Gari lifungwe plagi mbili Jumatatu, moja ipasuke, ifungwe nyingine Alhamisi kwenye kadi ileile: rekodi ya pili inakataliwa. Tumia kadi_id na namba ya mstari. Lakini kwa kadi_fundi, kama unachotaka ni jumla ya saa za kila fundi tu, ufunguo wa pande mbili ni sahihi na unazuia kuandikwa mara mbili. Uamuzi unatoka kwenye kazi yenyewe.

Hatua ya 6: Tafuta mapengo na mistari inayokosekana

Chukua yale maswali kumi na uyatembeze kwenye mchoro kwa kidole. Swali likikwama, kuna mstari unaokosekana.

Jaribu: "kadi hii ni ya idara gani?" Njia ni KADI, kisha FUNDI, kisha IDARA. Inafika. Ila kadi iliyopokelewa asubuhi hii haijapewa fundi, na idara yake haijulikani tena ingawa mpokeaji aliitamka. Kadi inahitaji mstari wake wa moja kwa moja hadi IDARA.

Jaribu lingine: "fundi gani alifunga kipuri hiki?" KADI inaelekea kwa mafundi wengi na kwa vipuri vingi, lakini fundi na kipuri hawajafungamanishwa. Kadi ikiwa na mafundi watatu na vipuri vinne, huwezi kujua nani alifunga nini. Kama swali hilo linahitajika, ongeza fundi_id kwenye kadi_kipuri. Kama halihitajiki, acha.

Huluki inaweza pia kuhusiana na yenyewe: fundi anasimamiwa na fundi. Hiyo ni kolamu msimamizi_id ndani ya jedwali la fundi, inayoruhusiwa kuwa tupu kwa yule wa juu kabisa.

Hatua ya 7: Geuza mchoro kuwa majedwali

Kanuni ni chache:

- Kila huluki ni jedwali.
- Moja-kwa-nyingi: ufunguo wa kigeni unakaa upande wa *nyingi*. Kadi inabeba gari_id. Gari halibebi orodha ya kadi.
- Moja-kwa-moja: ufunguo wa kigeni upande ambao uhusiano ni wa lazima, pamoja na UNIQUE.
- Kiwango cha chini kikiwa moja upande wa mzazi (jedwali ambalo ufunguo wa kigeni unalielekezea), ufunguo wa kigeni unawekwa NOT NULL. Kikiwa sifuri, unaachwa uweze kuwa mtupu.

Kwa kadi_kipuri inakuwa hivi:

```sql
CREATE TABLE kadi_kipuri (
  kadi_id    INTEGER NOT NULL,
  mstari     SMALLINT NOT NULL,
  kipuri_id  INTEGER NOT NULL,
  idadi      DECIMAL(8,2) NOT NULL CHECK (idadi > 0),
  bei        DECIMAL(12,2) NOT NULL,
  PRIMARY KEY (kadi_id, mstari),
  FOREIGN KEY (kadi_id) REFERENCES kadi (kadi_id)
    ON DELETE CASCADE,
  FOREIGN KEY (kipuri_id) REFERENCES kipuri (kipuri_id)
    ON DELETE RESTRICT
);
```

Idadi ni DECIMAL kwa sababu oili humiminwa lita 4.5. Bei ni DECIMAL na si FLOAT, kwa kuwa FLOAT haiwezi kushika 0.1 kwa usahihi na makosa madogo hujikusanya kwenye jumla. CASCADE upande wa kadi inafuta mistari kadi ikifutwa, maana mistari haina maisha bila kadi. RESTRICT upande wa kipuri inazuia kufuta kipuri kilichowahi kutumika. Usiweke CASCADE kila mahali kwa mazoea. Kwenye kipuri ingefuta sehemu za ankara za zamani bila onyo.

Namba za simu ziwe maandishi, la sivyo sifuri ya mwanzo inapotea. Na usiite jedwali order, group au user. Ni maneno ambayo SQL, lugha ya hifadhidata, imeyashika na utahangaika na alama za nukuu daima.

Kuna sharti moja ambalo mchoro unaweza kulisema lakini ufunguo wa kigeni hauwezi kulilinda: "kila kadi lazima iwe na angalau fundi mmoja". Ufunguo wa kigeni unamlinda mtoto asikose mzazi, haumlazimishi mzazi kuwa na mtoto. Hilo liandike pembeni ya mchoro ili lishughulikiwe na programu.

Hatua ya 8: Ingiza zile kadi tano

Kabla ya kuandika skrini yoyote, ingiza kwa mkono zile hati tano, ikiwemo ile yenye maandishi ya pembeni, kisha uandike SQL ya maswali yako kumi. Kila mahali unapojikuta unasema "hii nitaiweka kwenye maelezo", rudi hatua ya 2. Kazi hii inachukua saa chache, na ndipo makosa mengi hujitokeza yakiwa bado ni ya kufutwa kwa kifutio.

Mambo yakikwama

*Jumla inatoka kubwa mno.* Umeunganisha kadi_fundi na kadi_kipuri kwenye swali moja. Mafundi 3 na vipuri 4 vinazaa rekodi 12, kila kipuri kikihesabiwa mara tatu. Jumlisha kila upande kwa kadi_id kwanza, ndipo uunganishe. SUM(DISTINCT bei) si dawa: itameza vipuri viwili vyenye bei sawa.

*Baadhi ya kadi hazionekani.* JOIN ya kawaida (amri ya kuunganisha majedwali) huacha rekodi ambazo ufunguo wake wa kigeni ni mtupu. Tumia LEFT JOIN, inayobakiza rekodi zote za jedwali la kwanza.

*Ufunguo wa kigeni unakataa kuundwa.* Angalia mambo matatu: jedwali la mzazi limeundwa kwanza, aina za kolamu zinalingana (kwenye MySQL, INT na BIGINT hazikubaliani), na hakuna rekodi yatima (zinazotaja mzazi asiyekuwepo) zilizotangulia kuingia.

*Ufunguo upo lakini data mbovu inaingia.* Kwenye SQLite amri PRAGMA foreign_keys = ON inatakiwa kila unapofungua muunganisho. Kwenye MySQL, majedwali ya MyISAM (mojawapo ya injini zake za kuhifadhia majedwali) hupokea tamko la ufunguo wa kigeni bila kulitekeleza, kwa hiyo tumia injini ya InnoDB. Pia andika FOREIGN KEY kwenye mstari wake kama hapo juu: matoleo mengi ya MySQL hupuuza REFERENCES iliyobandikwa kwenye kolamu. CHECK nayo ilianza kutekelezwa toleo 8.0.16.

*Majedwali mawili yanasubiriana.* Idara lazima iwe na mkuu ambaye ni fundi, na fundi lazima awe na idara, basi huwezi kuingiza rekodi ya kwanza. Ruhusu mkuu awe mtupu mwanzoni, au kwenye PostgreSQL utangaze ufunguo huo DEFERRABLE INITIALLY DEFERRED ili ukaguliwe mwisho wa muamala (kundi la amri zinazofaulu au kushindwa pamoja).

*Kufuta kadi moja kunachukua muda mrefu.* PostgreSQL haitengenezi faharasa (orodha ya kuharakisha utafutaji) kwenye kolamu za ufunguo wa kigeni, InnoDB hutengeneza. Kwenye PostgreSQL ziunde mwenyewe, isipokuwa pale ambapo kolamu hiyo tayari ni ya kwanza kwenye ufunguo wa msingi, kama kadi_id hapo juu.

*Gari linaonyesha wamiliki wawili wa sasa.* Ufunguo wa gari_id na tarehe_kuanza hauzuii hilo. Kwenye PostgreSQL na SQLite ongeza:

```sql
CREATE UNIQUE INDEX mmiliki_mmoja
  ON umiliki (gari_id)
  WHERE tarehe_kuisha IS NULL;
```

MySQL haina faharasa ya namna hiyo, kwa hiyo programu ifunge umiliki wa zamani na kufungua mpya ndani ya muamala mmoja. Na kama gari linaweza kumilikiwa na wawili kwa pamoja, usiiweke faharasa hii: ongeza mteja_id kwenye ufunguo wa msingi wa umiliki.